Kwa aliyelelewa na benga: metal mpya uanzie wapi

Ndugu wa Kisumu, umesema umekulia benga na rumba, umejaribu hizi albamu mpya za metal, za progressive (zile za nyimbo ndefu zinazobadilika badilika) na zile kali kabisa, ukazima dakika ya pili juu uliona ni kelele tu, na unauliza uanzie wapi. Nitakujibu kwa urefu kidogo. Mimi ni fundi wa muziki wa matatu hapa Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa, nakula kupitia masikio yangu, na hii muziki naipenda kweli.

Kwanza jua wewe uko mbele ya wengi. Mtu wa rumba anajua kungoja. Franco alikuwa anaweza kwenda robo saa kwa wimbo mmoja, anaanza polepole anakueleza kisa cha watu, halafu sebene ikiingia gita zinashika njia na hakuna mtu amebaki kwa kiti. Progressive inataka uvumilivu huo huo. Na ukitaka kuelewa drumu zake kumbuka mpiga nyatiti, nyuzi nane ziko mikononi na huku pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu inagonga chombo, gara zinalia mguuni, yaani mtu mmoja ni bendi. Sasa mpiga drumu wa metal ana pedali mbili, miguu yote inakimbia kama cherehani. Ile sauti ya mwimbaji ya kunguruma ikikusumbua iache kwanza, fuata miguu. Utashangaa vile kila kitu kinajipanga.

Halafu kuna hii ya spika, na hapa ndio watu wengi wanapotea bila kujua. Kuna nganya, matatu ya kupambwa, nilifunga subwufa mbili za inchi 12, na jioni kabla mwenyewe hajakuja kuichukua nikaweka Blood Incantation, bendi ya metal kali, nisikie. Ilikuwa matope. Kwa mwendo wa metal kali kiki, ile drumu kubwa ya mguu, inaweza kupigwa mara kumi na zaidi kwa sekunde moja, na boksi nililolitengeneza livute ule mzigo mrefu wa reggae halijamaliza kutoa pigo la kwanza la pili na la tatu yashafika, yote yanashikana yanakuwa ngurumo moja. Nikashusha besi karibu yote, nikapandisha ya katikati pale gita zinakaa, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, nikazigusa kidogo tu, na nikaanza kusikia ule mlio mdogo mkavu wa nyundo ya pedali ikigonga ngozi, tik tik tik tik, kila moja peke yake. Nilikaa kwa kiti cha dere mpaka giza likaingia. Kwa hivyo kabla useme ni kelele zima besi ya ziada kwa simu yako, na tumia hedifoni, hata za bei ya chini, bora zisiwe zile zinavuma.

Sasa albamu. Anza na Opeth wa Sweden, The Last Will and Testament, ilitoka Novemba 2024. Kisa chake mtu wa huku anakielewa bila mkalimani: baba tajiri amekufa, watoto wameitwa kusomewa wosia, na kadiri wosia unavyosomwa siri za familia zinatoka. Nyimbo saba za kwanza hazina hata majina, ni alama ya aya na nambari, unasonga nayo kama karatasi ya wakili, na ule wa mwisho pekee ndio una jina. Mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt amerudisha kunguruma ambako hakukuwa kwa albamu zao tangu 2008, na Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya zamani ya rock ya Uingereza, anapiga filimbi humo ndani. Mamangu alinipata nikiisikiliza akauliza, huyu mtu analia nini hivyo? Nikamwambia marehemu anasema shamba ni la nani. Akavuta stuli akakaa, akaanza kunieleza mambo ya ndugu zake na kipande cha babu ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia, albamu ikaisha bado anaongea.

Ukishazoea hiyo nenda kwa Blood Incantation wenyewe, Absolute Elsewhere, Oktoba 2024. Ni vijana wa Denver, Marekani, lakini waliirekodi studio ya Hansa kule Berlin. Nyimbo ni mbili tu, kila moja imegawanywa sehemu tatu, na mtu wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya muziki wa elektroniki, anacheza kinanda kwa sehemu moja. Unapigwa na death metal, ile metal kali ya kunguruma, halafu mlango unafunguka uko angani kunaelea tu, unarudishwa chini tena. Kwangu hakuna albamu ya metal kali ya miaka hii inaikaribia. Usiruke sehemu hata moja, ukiikata vipande umeiua.

Kama kunguruma bado hakukuingii kuna Dream Theater, Parasomnia, Februari 2025, ya kwanza na Mike Portnoy kwa drumu tangu 2009. Karibu yote ni kuimba kwa kawaida na mada ni matatizo ya usingizi. Ni ndefu, zaidi ya saa moja, na katikati naona wangepunguza, lakini miguu ya huyo jamaa jameni.

Na usimalize bila ya nyumbani. Duma walikuwa Wakenya wawili, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes wa Kampala, grindcore, yaani metal ya kasi na ukali kupita kiasi, imechanganywa na mashine za elektroniki mpaka huwezi kutofautisha. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akatoa ya kwake 2024, The Adept. Ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, yule field marshal wa Mau Mau, na ukijua hivyo zile kelele zake unazisikia na masikio mengine kabisa. Hiyo ndio ngumu kuliko zote nimetaja, iweke mwisho.

Nunua bando usiku upakue Opeth nzima, usiiguse mpaka siku una safari. Ukipanda gari Kisumu bonyeza mwanzo, ukifika Kericho itakuwa imeisha, halafu uniandikie hapa ni aya ya ngapi ilikushika.