Sarafu za Kirumi zilizogandwa na udongo: je, nizisugue kwa ndimu?

SWALI: Mshauri, salaam. Ninaishi Leicester, Uingereza, na mwezi uliopita nilinunua sarafu kumi za shaba za Kirumi ambazo hazijasafishwa, zikiwa zimegandwa na udongo hata hazisomeki. Mume wangu anasema nizisugue kwa ndimu na majivu, kama mama zetu walivyosugua masinia ya shaba siku ya kuamkia Idi. Je, ni sawa? Tena, tukienda likizo Kilwa, naweza kuokota za kwetu nikaziongeza humo? — Msomaji, Leicester.

JIBU: Dada yangu, ndimu iache jikoni. Sinia husuguliwa ili ling'ae, lakini sarafu iliyokaa ardhini miaka 1,700 imejijengea gamba jembamba la kijani au la kahawia, na mara nyingi picha na maandishi yamebaki katika gamba hilo tu, kwa sababu shaba iliyo chini yake imekwisha kuliwa. Ndimu hulila gamba hilo. Sarafu yangu ya kwanza niliilaza katika siki usiku kucha, na asubuhi nikatoa kipande chekundu, laini kama kokoto ya mtoni, ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha mfalme gani.

Ziloweke katika maji yaliyokenekwa, yale yanayotiwa kwenye pasi za mvuke, wala si ya bomba, kwa kuwa klorini huchochea kutu. Yabadilishe yanapochafuka, mwanzoni kila baada ya siku mbili tatu, baadaye kila wiki, na kila mara uzipitishie mswaki laini. Nyingine zitafunguka baada ya wiki mbili, nyingine baada ya miezi mingi. Udongo uliobaki uchokoe kwa kijiti cha meno chini ya kioo cha kukuzia, usitumie sindano wala brashi ya waya. Anza na ile iliyochakaa zaidi, mkono upate kuzoea. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila unapoufuta, sarafu hiyo itenge na wenzake mara moja na uiweke mahali pakavu.

Sarafu nyingi zinazouzwa hivi ni za karne ya 4, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Siku moja, katika kuchokoa, utaona vijistari viwili vimesimama wima, kisha miguu, kisha kofia ya chuma. Wakiwa ni askari wawili na kati yao bendera mbili za kijeshi, umepata sarafu yenye maneno GLORIA EXERCITVS, yaani fahari ya jeshi, iliyoanza kufuliwa mwaka 330 wakati wa Constantine, mfalme wa Warumi. Bendera ikiwa moja, ni ya kuanzia mwaka 335 hivi. Chini ya miguu yao tafuta herufi za kiwanda: TR ni Trier katika Ujerumani ya leo, SIS ni Siscia, ambayo leo ni Sisak nchini Kroatia.

Jambo linalonisumbua kuliko ndimu ni mahali zilikotoka. Sarafu nyingi za namna hii huchimbwa katika nchi za Balkani kwa mashine za kutafutia chuma, pengine kwa siri, na Bulgaria, kwa mfano, hairuhusu vitu hivyo kutolewa nchini bila kibali. Mwuzaji asiyeweza kukuambia zilikochimbwa wala kukupa hati yoyote, usinunue kwake tena, hata bei yake ikiwa rahisi namna gani.

Kwa sababu hiyo hiyo, za Kilwa usiziokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda, na kuzitoa nchini bila kibali ni kosa. Ukiiona moja ufukweni, iache ilipo, piga picha, kisha uwaarifu maofisa wa mambo ya kale. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale katika nchi ya Zimbabwe ya leo, nayo imekuwa ushahidi wa biashara kati ya pwani yetu na bara kwa kuwa mahali ilipookotwa panajulikana. Ingekuwa ndani ya sanduku la mtu bila maelezo, isingetuambia lolote kuhusu safari hiyo.