Tundu moja, ndege wanne: nani hulisha makinda ya mdiria?

Swali: Nachimba mchanga kando ya Mto Nyando, karibu na Ahero. Kwenye gema kuna matundu ya mdiria, wale weusi kwa weupe. Tundu moja linaletewa samaki na ndege wanne. Je, majike kadhaa hutaga pamoja? Na nifanyeje nisiwaue makinda?

Jibu: Tundu ni la jozi moja. Watazame kifuani: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja uliokatika katikati. Wale wawili wa ziada kwa kawaida ni madume. Huenda mmoja ni mtoto wao wa msimu uliopita, na huyo husaidia tangu mwanzo. Mwingine si jamaa. Hujitokeza mayai yakishaanguliwa, na mwanzoni hufukuzwa. Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza katika Ziwa Viktoria na Naivasha, alikuta wa Viktoria wakimkubali mgeni upesi zaidi. Sababu ni chakula: mawimbi huwasumbua kuwinda na samaki ni wadogo, omena na kadhalika, kwa hiyo safari ni nyingi. Huko jozi yenye msaidizi ilikuza makinda karibu mara mbili ya jozi iliyo peke yake.

Mayai huwa 4 hadi 6 na huatamiwa siku 18 hivi. Kuatamia huanza kabla hayajatimia, ndiyo maana makinda hayalingani. Samaki wakipungua, mdogo hufa kwanza.

Sasa kazi yako. Njia ya tundu huingia ndani mita 1 hadi 2, pengine zaidi, na chumba kiko mwishoni. Ukichimba kutokea nyuma utakifikia hata kama mlango haujaguswa. Acha mita 3 pande zote, na juu yake usipitishe lori wala kurundika mchanga, dari litaporomoka. Chini ya gema pia usiache lundo: kenge na nguchiro hulipanda kama ngazi.

Mlango wenye utando wa buibui hautumiki. Ndege akiingia na samaki ambaye kichwa kimetokeza mbele ya mdomo, anakwenda kulisha, kwani kinda humeza kuanzia kichwani. Lakini dume humlisha jike vivyo hivyo, basi ngoja umwone jike naye akibeba. Hapo makinda yapo. Huruka yakiwa na siku 23 hadi 26. Usiguse gema mpaka wiki nzima ipite bila ndege kuingia.