Mauntingi "zimekufa" au "yamekufa"?

SWALI: Gari langu dogo linatetemeka kila ninaposimama kwenye foleni gia ikiwa D (ya kwenda mbele). Fundi ameniandikia: "Mauntingi za injini zimekufa." Rafiki yangu anasisitiza kwamba ni "yamekufa", kwa sababu neno linaanza na ma-. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme injini "inatetemeka" au "inatikisika"?

JIBU: Fundi yuko sahihi. (Kwa asiyezijua, mauntingi ni vile vipande vya mpira na chuma vinavyoifunga injini kwenye bodi ya gari.) Neno la mkopo haliingii ngeli ya LI-YA kwa sababu tu limeanza na ma-. Litazame katika umoja: ikiharibika moja, watu husemaje? Gereji husema "mauntingi moja imechanika". Hakuna asemaye "untingi limechanika". Umbo halibadiliki, kwa hiyo ni ngeli ya I-ZI, sawa na mashine: mashine hii, mashine hizi.

Hata hivyo, rafiki yako hakutoa hoja hiyo hewani. Tazama juu ya magurudumu ya gari hilohilo. Neno tulilolikopa kwa ajili ya kizuia matope lilisikika likianza na ma-, wasemaji wakaichukua silabi hiyo kuwa kiambishi cha wingi, wakaing'oa, na leo tuna digadi moja na madigadi mawili. Mauntingi ingeweza kupita njia hiyo. Haikupita, na sarufi lazima iheshimu walivyoamua wasemaji.

Wapo wanaopenda kuandika "vishikizo vya injini". Silikatai, na hapo utasema "vimekufa", ila naona linaeleza nusu ya kazi. Mauntingi ya kawaida ni mpira uliogandamana na vyuma. Chuma kinaifunga injini au giaboksi kwenye bodi, na mpira unameza mtetemo usifike kwa abiria. Nyingine zina kimiminika ndani, nazo zikipasuka huvuja. Magari mengi madogo yana injini iliyokingama na huendeshwa na magurudumu ya mbele. Humo utakuta mauntingi tatu au nne, na mara nyingi mojawapo kazi yake kubwa si kubeba uzito bali kuizuia injini isijipindue unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo, ukiandika "kishikizo" kwa msomaji mgeni, mweleze pia habari ya mpira.

Swali lako la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa kitenzi ulichokichagua kinaweza kumwongoza fundi au kumpoteza. Kutetema na kutetemeka ni kucheza haraka, kidogo kidogo. Kutikisika ni kwenda huku na huku kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Sasa, injini inayounguruma hutetema siku zote, hata ikiwa nzima. Mpira ukikakamaa au kuchanika, kinachoanza kutetemeka ni gari: usukani, viti, dashibodi. Wewe uliandika "gari langu linatetemeka", na hivyo ndivyo inavyopasa. Ukimwambia fundi "injini inatetemeka", anaweza kuanzia kwenye plagi zinazowasha mafuta ndani ya injini, na hatakuwa amekosea, maana plagi mbovu nayo hulitetemesha gari.

"Injini inatikisika" iwekee jambo jingine. Boneti ikiwa wazi na hendibreki imevutwa, mtu aliyeketi kwenye usukani akanyage breki kwa nguvu, kisha ahamishe gia kutoka D kwenda R (ya kurudi nyuma) bila kugusa mafuta. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini yenye mauntingi nzima itajongea kidogo tu. Ikiinuka upande mmoja kisha ikarudi kwa kishindo, hiyo inatikisika, na hapo una haki ya kuongeza "na inagonga". "Zimekufa" ni kitenzi halali cha gereji, lakini mwombe fundi akuandikie pia zimekufaje: zimechanika, zimebonyea au zinavuja.