Bukavu inunue mashine mpya ya kuondoa matope, au iendelee kukodi?

Swali: Mhandisi, mvua ikinyesha usiku hapa Kadutu, asubuhi barabara imejaa matope yaliyoteremka kutoka mlimani na mitaro imeziba. Sasa kuna wazo mji ununue trakitopele mpya, ile yenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Sisi wa kamati ya avenyu tuunge mkono?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya bei ya mashine, ulizeni mji una kamiyo ngapi. Ndoo ya mbele ya trakitopele ya kawaida huchota karibu mita 1 ya ujazo. Matope mabichi yana tani 1.6 hadi 2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kamiyo ya tani 15 ikipakiwa mita 8 za ujazo imetosha, hata kama juu panaonekana bado pana nafasi. Mashine huijaza kwa dakika 10 hivi. Kamiyo ikichukua dakika 50 kwenda kumwaga na kurudi, zinatakiwa kamiyo 6 ili mashine isikae bure. Ikiwa ipo moja tu, mashine itafanya kazi dakika 10 katika kila saa, na muda uliobaki itangoja huku ikiunguza mazuti.

Halafu pigeni hesabu ya saa za kazi kwa mwaka. Chukueni mfano huu, kisha wekeni bei mtakazopewa: mashine dola 90,000, ikiuzwa baada ya miaka 8 irudishe 26,000. Hapo inapoteza 8,000 kwa mwaka. Ongezeni 9,000 za dereva, mlinzi na bima: 17,000, ifanye kazi isifanye. Ikiwa kukodi ni dola 60 kwa saa, mafuta na dereva ndani, na mashine yenu inakula 20 kwa saa kwa mazuti, matairi na vipuri, mnaokoa 40. Gawanyeni 17,000 kwa 40: saa 425. Chini ya hapo kukodi ni nafuu.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Trakitopele ina upana wa zaidi ya mita 2, na vichochoro vingi vya Kadutu haviipitishi. Huko kazi itabaki ya koleo na toroli, vivyo hivyo ndani ya mitaro iliyofunikwa kwa zege. Fedha za vibarua zisikatwe kwa sababu mashine imenunuliwa.

Mashine za namna hii mara nyingi huharibiwa na uangalizi mbovu. Mchanga huingia kwenye pini za ndoo, na zisipopakwa grisi kila siku ya kazi matundu yake hupanuka na ndoo huanza kucheza. Oili ya injini na filta hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashine, kwa nyingi ni 250 au 500. Bajeti isiyo na fungu la filta, mipira ya haidroliki na matairi msiiunge mkono.

Ushauri wangu: kodini kwa msimu mmoja, Septemba hadi Mei. Mkataba usainiwe Julai au Agosti, kwa sababu baada ya mvua kubwa kila mtu anaitafuta mashine ileile. Uandikwe pia muda wa kufika baada ya kuitwa. Kila siku andikeni saa za kazi, saa za kungoja kamiyo na idadi ya safari. Saa za kungoja zikizidi za kazi, ombeni kamiyo kwanza. Na mahali pa kumwaga pajulikane mapema: matope yakiachwa kando ya mtaro, mvua inayofuata huyarudisha, na yakisukumwa katika Ziwa Kivu pamoja na plastiki, takataka hizo huenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi I, kwenye mto unaotoka ziwani humo.