Hiyo hidrojeni umeitoa wapi?

Wadogo zangu wa PCM na PCB (michepuo ya sayansi yenye kemia), juzi nimekaa prepu na vijana wa kidato cha tano nikarudi kichwa kinaniuma. Swali la msawazo wa kikemia (mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi) wanalianza vizuri, jedwali safi, kisha wakifika kwenye x, yaani kiasi kilichomenyuka, wanaharibu palepale nilipoharibu mimi. Nawapenda, lakini hili nimechoka kuliona.

1. Kwenye H₂ + I₂ ⇌ 2HI, moli za hidrojeni na iodini zikianza sawa, toa kipeuo cha pili pande zote mbili, achana na fomula ya kwadratiki.

2. Asidi dhaifu: ukishapuuza x kwenye kiasi cha asidi kilichobaki, ipime. Ikizidi asilimia 5 ya ulichoanza nacho, rudi kwenye kwadratiki. Asidi ya ethanoiki, Ka (kipimo cha nguvu ya asidi) 1.8 × 10⁻⁵, ya 0.1 M (moli kwa lita) inakubali, ya 0.001 M inakataa. Na desimali zikatwe mwishoni, jamani, si njiani!

3. Hapa ndipo penye kidonda changu. Tulipewa moli 1 ya hidrojeni na moli 2 za iodini, Kc (namba thabiti ya msawazo) 50, tutafute moli za hidrojeni iodidi. Nikafika 23x² − 75x + 50 = 0 bila kosa. Kikokotoo kikatoa 2.33 na 0.93. Mimi nilikuwa nimekariri kwamba linalotupwa ni jibu hasi, na sasa yote mawili ni chanya. Nikachukua lililotangulia. Tena nikalirudisha kwenye Kc kuhakiki: 50! Nikapigia mstari moli 4.65 (yaani 2x, kabla ya kukata desimali), nikatoka moyo mweupe.

Karatasi iliporudi, pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Hiyo hidrojeni umeitoa wapi?" Nilikuwa na moli 1, nimetumia 2.33. Usiku ule sikulala mpaka nilipoona kilichonidanganya: (1 − 2.33) ni hasi, (2 − 2.33) ni hasi, zikizidishwa zinarudi chanya, Kc inakubali. Kumbe kuhakiki Kc peke yake hakutoshi. Lazima uandike moli za kila gesi, moja moja.

4. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, andika pembeni mipaka ya x. Kwa swali lile ni 0 hadi 1. Juzi binti mmoja alinionyesha 2.33 ileile, anabishana kwamba Kc imetoka. Nikamwambia ajaze safu ya mwisho ya jedwali. Alipoandika −1.33 chini ya hidrojeni, kalamu ikasimama. Akachukua kifutio mwenyewe.