Galaksi ya mbali: “ina” au “ilikuwa na”?

Swali: Katika jarida la klabu yetu ya sayansi niliandika, “Galaksi NGC 3115 ina umbo la lenzi, haina mikono, na kitovu chake kinang’aa.” Mhariri amebadili yote kuwa “ilikuwa na”, “haikuwa na” na “kiling’aa”, kwa hoja kwamba nuru tunayoiona iliondoka huko miaka milioni 32 hivi iliyopita. Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa sekondari, Dodoma)

Jibu: Rudisha sentensi yako ilivyokuwa, Mwalimu. Unaeleza sura ya kitu kinachoonekana kwenye darubini, na sura hiyo tunaiona sasa. Ukiandika “ilikuwa na umbo la lenzi”, msomaji ataelewa kwamba siku hizi umbo lake limekuwa jingine. Hilo hakuna aliyelithibitisha, na kwa galaksi ya aina hii ni vigumu kuliamini: gesi imebaki kidogo mno, nyota mpya haziumbiki kwa wingi, na nyingi kati ya zilizopo zina umri wa mabilioni ya miaka. Miaka milioni 32 kwazo ni muda mfupi tu.

Isitoshe, “ina” haibebi alama ya njeo (wakati wa kitendo) kama wengi wanavyodhani. Jaribu kukanusha. “Kinang’aa” huwa “haking’ai”: -na- ya njeo imetoweka. “Ina” huwa “haina”, na ile “na” haiondoki, kwa sababu ni “na” ya kuwa na kitu. Ndiyo maana “ina” hukaa vizuri sana katika maelezo ya sifa za kudumu.

Hata hivyo, hoja ya mhariri ina mahali pake, nako ni kwenye safari ya nuru na kwenye matukio. “Nuru iliondoka NGC 3115 miaka milioni 32 iliyopita, nayo imefika usiku huu.” Hapo -li- inabeba kuondoka kulikotokea zamani, na -me- inabeba kufika ambako tunda lake tunalo machoni. Kwa milipuko ya nyota ningekuwa mkali zaidi. Wengi huandika kwamba supanova 1987A “ililipuka mwaka 1987”, ilhali nyota ile imo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi, yaani nuru ya mlipuko ilisafiri miaka yote hiyo kabla ya kutufikia. Andika “ilionekana ikilipuka mwaka 1987”.