Dalali wa nyumba Dar: utamjuaje wa kweli?

Mleta mada anataka kununua nyumba Dar na anauliza dalali wa kuaminika anajulikanaje. Mimi nimenunua Kinyerezi, baadaye nikamsimamia mdogo wangu Goba, kwa hiyo hawa jamaa nimekutana nao wa kila aina.

Mkuu, muulize mapema: mwenye nyumba ni nani, na tunaonana lini? Dalali aliyepewa kazi na mwenyewe hapati kigugumizi. Ukisikia "kuna bro anamjua mama mwenye nyumba", ujue kuna mlolongo wa madalali hapo na kila mmoja ameweka cha juu chake. Wa kwangu alitukalisha na mzee mwenye nyumba kabla bei haijatajwa, na asilimia yake akaisema mbele yetu wote, ikaandikwa.

Lakini kilichonifanya nimng'ang'anie ni nyumba ambayo sikuinunua. Ilikuwa Tabata, bei nzuri, nimeshaanza kupanga nani atalala chumba gani. Akanivuta uani, akanionyesha mstari wa tope ukutani, usawa wa goti. "Kaka, masika maji yanafika hapa. Waliopaka rangi huku nyuma hawakufika." Angenyamaza angekula komisheni yake wiki ile ile.

Nyaraka: dalali anayejua kazi hanuni ukimwambia unapeleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya Ardhi wakafanye upekuzi, yaani waangalie imesajiliwa kwa jina la nani. Nyumba ya wanandoa, anakwambia mwenyewe kwamba mke au mume lazima aridhie kwa maandishi. Ya urithi, anakutafutia msimamizi wa mirathi, siyo mtoto mkubwa mwenye maneno mengi. Akikwambia nyumba yenye hati inatosha muhuri wa serikali ya mtaa tu, aga uondoke. Kama iko karibu na barabara kubwa, ulizia hifadhi ya barabara, lile eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, inaishia wapi. Bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, Barabara ya Morogoro, ilipita na nyumba za maana kabisa.

Hela ya nauli ya kuzungushwa mpe, ni jasho lake. "Ya kushikia nyumba" usimpe hata senti. Malipo yaende akaunti ya mwenye jina kwenye hati, mbele ya wakili, na chake dalali umlipe palepale. Watu wakishashika funguo huanza kuwapiga chenga madalali, sijui kwa nini.